Wimbo wa Mama Amedeus

Wengine hupelekwa mahali pa ukimya ili wamsikie Mungu. Mimi nilipelekwa mahali pa ukimya ili niache kumsikia.

Dungu letu lilisimama juu ya miti minne katikati ya mpunga, na mpunga ulisimama katikati ya maji. Mwaka huo mto Kilombero ulikuwa umemeza njia zote za mashambani. Ukikaa pale juu unaona kijani mpaka macho yanachoka, na nyuma ya kijani milima ya Udzungwa imejilaza kama haina habari na mtu. Ukitaka kutoka unahitaji mtumbwi. Mtumbwi wetu, baba aliondoka nao.

"Mpunga umeanza kushika punje, ndege wamezidi," aliniambia siku aliyonileta. "Kaa hapa ufukuze. Mama yako atakuwa anakuletea chakula." Halafu akanyoosha mkono. "Na simu."

"Simu imewakosea nini ndege, baba?"

"Huku hakuna chaji. Itakufa bure."

Aliitia kwenye mfuko wa shati, palepale anapoweka kitabu chake cha sala, akashuka ngazi bila kunitazama. Baba yangu, Hermenegildi, ni katekista wa kigango chetu. Wanaoandaliwa kwa komunyo wanapita mikononi mwake, wachumba wanapita mikononi mwake, na maiti padre anapokuwa mbali wanapita mikononi mwake. Mtu kama huyo hasemi kwamba amemfungia binti yake. Anasema ndege wamezidi.

Nina miaka ishirini na minne na diploma ya ualimu. Nilisoma ili nifundishe watoto, na sasa nilikuwa nawapigia kelele kwelea kwelea kwa kopo la mafuta lililotiwa mawe, tangu jua linachomoza mpaka linazama. Wakikaidi, natia kidonge cha udongo kwenye kombeo, nazungusha, naachia. Wanapaa kwa pamoja kama shuka linalokung'utwa, wanaenda kutua shamba la jirani. Nilikuwa nawaonea wivu.

Kosa langu lilikuwa kuimba.

Mama Amedeus alipofariki, msiba ulikuwa na watu wengi na hauna mwenyewe. Alikuwa Mkatoliki tangu tumboni. Halafu mwanawe akaokoka, na yeye akamfuata kanisani kwa mwanawe. Kwetu sheria inajulikana: Jumuiya, kundi la sala la majirani Wakatoliki, inamzika mtu wake, na aliyeiacha Jumuiya, Jumuiya nayo imemwacha. Kwa hiyo akina mama wa Jumuiya ya Mtakatifu Monika walikuja, wakapika, wakachota maji, lakini wakati wa kuimba wakajikusanya barazani kwa jirani na midomo wameifunga. Kuimba kulibaki kwa walokole. Nao walikuja na spika zao na kinanda chao. Jeneza lilipofunguliwa watu waage, Mchungaji Theodori akainama, akaona rozari ya mbao imezungushwa kwenye vidole vya marehemu. Akanyooka taratibu. Akasali sala fupi kuliko ya kubariki chakula. Kinanda kikarudishwa kwenye gari.

Basi jeneza likashuka kimya. Sijawahi kusikia jambo baya kama lile. Kwetu hata mlevi asiye na ndugu anashuka na wimbo. Udongo ulikuwa unapiga mbao, pu, pu, na kila mtu anatazama viatu vyake. Amedeus alisimama pembeni ya shimo, mikono imening'inia, anatazama huku na huku kama mtu aliyeitwa na hajui ni nani kamwita.

Nilikuwa nimevaa sare ya kwaya, kitenge chetu cha bluu chenye sura ya Bikira Maria. Nikafungua mdomo. Niliimba ule wimbo wa mama Amedeus mwenyewe, aliokuwa anauimba akipepeta mchele: anaanza na wimbo wa Bikira wa kina mama wa zamani, katikati anajisahau, anamalizia na pambio la walokole. Niliuimba wote, hivyohivyo, pamoja na lile kosa lake la katikati. Peke yangu, mpaka kaburi likajaa.

Jioni hiyo Jumuiya ikakaa kikao. Kesho yake Mchungaji naye akakaa kikao. Mimi nikaletwa kwenye dungu.

*

Nilimwona kabla hajaniona. Mtumbwi ulikuwa unakuja kwenye mfereji, na aliyesimama nyuma akisukuma kwa upondo alikuwa anausukuma vibaya, kwa nguvu nyingi na akili kidogo, kama mtu aliyezoea mashine. Amedeus ni fundi wa mashine za kukoboa mpunga pale Ifakara, Viwanja Sitini. Akisikiliza injini anakwambia ugonjwa wake. Maji hayajui kabisa.

Mkono wangu, ambao una akili zake, ulichukua kidonge cha udongo, ukatia kwenye kombeo, ukaachia. Kikapiga ubavu wa mtumbwi, pa!

"We! Unaua mgeni?"

"Nafukuza ndege. Nimeambiwa ndege wote."

"Mimi ni ndege gani sasa?"

"Yule anayekula mpunga usio wake."

Akacheka, mtumbwi ukayumba, nusura aingie majini, nami nikacheka mpaka nikashika nguzo. Nilikuwa sijacheka tangu msibani. Alipopanda ngazi nikaona kichwa chake kimenyolewa, kule kunyoa kwa kumaliza matanga, na masikio yake yalionekana makubwa kama ya mtoto wa shule. Vidole vyake vilikuwa na grisi ileile ambayo sabuni yoyote imeshindwa.

Hatukushikana. Tulikaa, yeye upande wake wa dungu na mimi upande wangu, na katikati yetu sufuria ya wali. Lakini alinitazama. Mungu wangu, Amedeus akikutazama unajisikia kama mashine iliyozimika, na fundi ameinama kuisikiliza.

"Umekonda," akasema.

"Muongo. Nakula wali asubuhi, nakula wali jioni. Nani kakwambia nipo huku?"

"Mama yako. Kanielekeza mpaka mfereji wa kupita. Kasema nikaazime mtumbwi kwa mzee Wendelin, na kwamba yeye hajaniona na hajui chochote."

Mama yangu Stefania, anayekaa kimya baba akiongea! Nilitazama pembeni ili asione macho yangu yamejaa.

"Nimekuja kukuchukua, Agne."

"Kunipeleka wapi?"

Alivuta mfuko wa plastiki aliokuwa ameufunga vizuri usilowe, akatoa ndani yake gauni. Jeupe. Refu, lenye mikono mipana, bado lina mikunjo ya dukani. Akaliweka mapajani kwangu kwa uangalifu, akihofia grisi yake.

Nilisahau maji, nilisahau baba, nilisahau simu. Nililishika lile gauni nikalinusa. Tangu tupo darasa la saba nilikuwa najua nitaolewa na kijana huyu. Alikuwa mtumishi wa altare, amevaa kanzu fupi, anapiga kengele kabla ya wakati wake, baba anamkazia macho, na mimi kwenye benchi la kwaya ya watoto nabana kicheko. Kumbe siku imefika, na imefika kwa mtumbwi wa kuazima.

"Amedeus, umelinunua lini? Ni kubwa kidogo, lakini nitalibana hapa kiunoni..."

"Halibanwi," akasema. "Linatakiwa liwe pana. Ili maji yakiingia lisikushike mwili."

"Maji gani?"

"Ya ubatizo. Jumamosi, pale mto Lumemo. Mchungaji amekubali, Agne! Nimemsihi sana. Anakubatiza Jumamosi, na mwezi ujao anatufungisha ndoa."

Gauni likawa zito ghafla, kama limekwisha kulowa.

"Mimi nimebatizwa, Amedeus. Picha umeiona sebuleni kwetu. Nalia kama mbuzi, padre kakunja uso."

"Ule ni wa utotoni. Hukuchagua."

"Na huu nimechagua? Umeninunulia gauni kabla ya kuniuliza."

"Nilidhani utafurahi."

"Nimefurahi. Nilidhani ni la harusi."

Akainamisha kichwa. Kwelea kwelea wakashuka kwenye kona ya mpunga wa baba, wengi, na hakuna aliyewapigia kelele.

"Agne, sikiliza. Mimi siwezi kurudi kwa baba yako nikae darasani kwake kama mtoto, nifundishwe Baba Yetu. Pale Mungu nilikuwa nampigia kengele tu. Kule nimekutana naye. Nilikuwa nakunywa, unakumbuka? Nilikuwa nalala kwenye maganda ya mpunga nje ya mashine. Nani alinitoa?"

"Nakumbuka. Na nilimshukuru Mungu magoti yakaniuma. Nimewahi kukwambia rudi?"

"Hujawahi."

"Basi kwa nini wewe unaniambia njoo?"

Akakimbilia jambo jingine. Alilisema haraka, kama anayemeza dawa chungu. "Na kuna kitu kidogo. Kabla ya maji utasimama mbele ya kanisa. Utasema ile rozari uliiweka wewe mwenyewe, mama hakuiomba. Na utaomba radhi. Basi. Hakuna atakayekugusa tena."

Nililikunja gauni. Nilianza na mikono, nikaja kwenye mabega, nikalikunja kama ninavyokunja nguo za altare siku za Jumamosi.

Kuna jambo nilikuwa nimelibeba na niliahidi kulibeba mpaka mwisho. Siku za mwisho za mama Amedeus, mwanawe akienda kazini, mimi ndiye niliyekuwa namgeuza kitandani. Siku moja alinishika mkono. "Agne, niletee ile ya mbao," akasema. "Usimwambie mwanangu. Amenipeleka kwa Mungu wake kwa mapenzi yake yote. Sitaki ajue kwamba niliacha mzigo huku nyuma." Nilimletea. Akawa anailaza chini ya mto, na Amedeus akirudi wanaimba naye mapambio, anapiga makofi kwa vidole tu kwa sababu mikono haikuwa na nguvu. Nilikuwa nawasikia nikiwa jikoni. Sikuona uongo wowote pale. Niliona mama.

"Aliiomba," nikasema.

"Nini?"

"Rozari. Mama yako aliniomba. Na akaniambia nimwekee mkononi atakapoondoka. Aliniambia nisikwambie."

Aliinuka ghafla hata dungu likatikisika. Hakuna pa kwenda kwenye dungu. Ukiinuka, unasimama tu.

"Mama alikuwa ameokoka. Aliinua mkono mbele ya watu. Nilikuwepo!"

"Aliinua mmoja, Amedeus. Wa pili ulikuwa na rozari."

"Kwa hiyo alinidanganya. Miezi yote ile. Alikuwa ananiigizia."

"Alikuwa anakupenda."

"Usiniambie!" Sauti ilimkatika. "Mimi ndiye niliyemwosha miguu. Mimi ndiye niliyemsomea Zaburi. Na wewe unakaa na siri ya mama yangu, unanitazama tu nikisema mbele ya watu kwamba amekufa mlokole kamili..."

"Ulitaka niseme nini? Nikupige na hilo nalo, juu ya msiba?"

Alikaa chini. Aliufunika uso kwa mikono yenye grisi, mabega yakaanza kutikisika, na mimi sikujali tena upande wake na upande wangu. Niliisogeza sufuria. Niliweka kiganja changu juu ya kichwa chake kilichonyolewa, palipokuwa pa moto na palipokuwa na vinyweleo vinavyoanza kuota, na nikakiacha pale. Wakati huo sikujiuliza yeye ni wa kanisa gani. Alikuwa wa mama yake, na alikuwa wangu.

"Tumsifu Yesu Kristo!"

Sauti ilitoka majini. Sauti inayosoma matangazo ya ndoa kila Jumapili bila spika.

*

Niliondoa kiganja. "Milele, amina," nikajibu, kwa sababu salamu hiyo haiachwi bila kujibiwa hata kama anayeitoa amekufungia.

Baba alikuwa amesimama kwenye mtumbwi wetu, umefungwa tayari kwenye nguzo ya dungu, na mbele yake amekaa mama Violeth, mwenyekiti wa Jumuiya, ameshika mwavuli kwa mkono mmoja na viatu kwa mwingine. Walitazama mtumbwi wa mzee Wendelin. Walitazama juu.

"Na huyo mwingine?" baba akauliza. "Hana mdomo?"

"Shikamoo, Katekista," akasema Amedeus.

Nikaona baba anavyopambana. Lakini shikamoo ni shikamoo.

"Marahaba."

Walipanda. Dungu la watu wawili likawa na watu wanne, magoti yamegusana, na hakuna aliyeweza kumkasirikia mwenzake bila kumkanyaga. Mama Violeth ndiye aliyeliona gauni.

"Hee! Katekista, tazama! Wanaoana huku porini!"

"Ni la ubatizo, mama," nikasema.

"Bora ningekuta la harusi," akasema baba, na namjua baba yangu, hakuwa anatania. Alilitazama gauni kwa muda mrefu. Alionekana mzee. Kola ya shati lake ilikuwa imeisha, na kitabu cha sala kilikuwa kimevimba mfukoni kwa sababu nyuma yake kulikuwa na simu yangu.

"Agnella," akaanza, na akiniita jina zima najua ni Katekista anayeongea. "Sikuja kugombana. Padre ameuliza. Ameuliza nani alimruhusu mwanakwaya kuimba kwenye mazishi yale akiwa na sare, akachanganya na mapambio. Nimwambie nini? Nimewanyima wangapi? Mzee Alphonce nilimkatalia mke wake asiimbiwe, na tulikuwa marafiki. Leo nimwambie mzee Alphonce kwamba sheria inakomea mlangoni kwangu?"

"Ungemwambia sheria ni mbaya, baba."

"Sheria si yangu!"

"Ndiyo maana ungeweza kuiacha."

Mama Violeth akapiga ulimi. "Mwanangu, usimjibu baba yako hivyo. Tunataka kidogo tu. Jumapili baada ya misa utasimama, useme nimekosa, naomba radhi Jumuiya. Unarudi kwaya. Unarudi nyumbani. Huku utaliwa na mbu mpaka lini?"

"Na huyu," baba akaongeza bila kumtazama Amedeus, akihema kama mtu anayetua gunia, "akileta washenga, nitawapokea. Ataanza mafundisho, tutaona. Nimeongea na mama yako. Nakupa nilichonacho chote, mwanangu. Wewe nipe neno moja tu."

Nilimtazama baba. Kumbe alikuwa amekuja na zawadi. Alikuwa amekuja na ndoa yangu, ameibeba ng'ambo ya maji kama Amedeus alivyobeba gauni lake, na kila mmoja ameifunga vizuri isilowe. Na zote mbili bei yake ilikuwa ileile.

"Baba, ulikua pamoja na mama Amedeus tangu utotoni."

"Hilo halihusiki."

"Mlikuwa mnafukuza ndege kwenye dungu moja, umenisimulia wewe. Alikuwa anakuibia mihogo."

"Agnella."

"Siku ile ulisimama nyuma, karibu na ua. Nilipoanza kuimba nilikuona. Ulivua kofia."

Aligeuka kutazama mpunga, akaona ndege, akachukua kopo langu akalitikisa kwa hasira kubwa kuliko walivyostahili. Ndege wakapaa. Lilipotulia, mama Violeth alikuwa anajipangusa macho kwa ncha ya kanga.

"Na mimi nilitaka kuimba," akasema kwa sauti ndogo. "Tekla, mama yake Amedeus, alikuwa msimamizi wangu wa kipaimara. Pale barazani tulishikana mikono, akina mama wote, tukizuiana. Nilitaka kuimba mpaka koo liliniuma."

"Basi kwa nini mimi niombe radhi?"

"Kwa sababu sisi tulijizuia!" Alilisema kwa uchungu wa kweli. "Ukisimama wewe ukasema hukukosea, sisi tulifanya nini pale? Tulimnyamazia mwenzetu bure?"

Maji yalipita chini ya dungu, na mitumbwi miwili ikagongana taratibu, wa baba na wa kuazima, kama ng'ombe waliofungwa pamoja.

Amedeus ndiye aliyeanza kusema. Alikuwa ameacha kulia, na uso wake ulikuwa na mistari ya grisi.

"Agne," akasema. Nikamgeukia. Nilimgeukia kwa mwili wangu wote, kwa sababu kama kuna mtu aliyeujua ule wimbo ulikuwa wa nani, ni yeye. Ukiniambia usiombe, Amedeus, nikawaza, nitashuka hii ngazi nikufuate hata kwa kuogelea.

"Sema tu," akasema. "Ni neno. Waambie wa kwenu, waambie na wa kwetu. Mungu anajua moyo wako. Sema, twende nyumbani."

Baba akaitikia kwa kichwa. "Kijana amesema jambo."

Na hivyo ndivyo nilivyowaona wanaume wawili niwapendao kuliko wote duniani wakikubaliana kwa mara ya kwanza. Miaka hawajawahi kukubaliana hata juu ya salamu, na sasa walikuwa wameketi bega kwa bega, wananitazama kwa huruma ileile, wanasubiri niwafungulie mlango. Ningefungua, ningepata vyote. Kwaya, nyumba, harusi, mama yangu akipiga vigelegele uani. Na kila siku ya maisha yangu, nikipepeta mchele, ningesikia udongo ukipiga mbao, pu, pu, na mimi ningekuwa nimesema kwamba ilikuwa sawa.

Nilichukua gauni nikamwekea Amedeus mapajani. Nilifanya taratibu, nisije nikamwumiza.

"Mtunzie mtu atakayelichagua," nikasema. "Mimi nakupenda. Nakupenda na kuokoka kwako. Siku utakapoweza kunipenda na rozari ya mama yako, mfereji wa kupita unaujua."

"Agne, usifanye hivi."

Nilimgeukia baba, nikafungua kiganja. "Nipe simu yangu, au baki nayo. Mpunga wako nitaulinda mpaka uvunwe, kwa sababu ni mpunga wetu na mama atakula. Lakini usirudi tena kuniuliza hili."

"Mara ya mwisho, Agnella." Sauti ya matangazo ya Jumapili haikuwepo tena. Ilikuwa sauti ya mtu anayesihi. "Neno moja. Utaomba radhi?"

Nilitia kidonge cha udongo kwenye kombeo, kwa kuwa ndege walikuwa wamerudi. Nikazungusha, nikaachia, wakapaa wote.

"Nilimwimbia mama wa watu asishuke kama mbwa," nikasema. "Siombi radhi kwa Jumuiya, siombi kwa Mchungaji, siombi kwako baba, na kwako Amedeus siombi. Sikukosea. Siombi."